Shimo la Yakutsk na Hesabu ya Ardhi ya Jalidi

Katika mji wa Yakutsk, kando ya mto Lena katika Siberia ya mashariki, liko shimo lililochimbwa na mtu aliyekuwa akitafuta maji ya kunywa. Mtu huyo aliitwa Fyodor Shergin, naye alikuwa wakili wa Kampuni ya Kirusi ya Amerika, iliyofanya biashara ya ngozi za manyoya. Alianza kuchimba mwaka 1828. Kila alipotarajia kuikuta chemchemi alikuta udongo uliogandamana na barafu, mgumu kama jiwe. Desturi ya mchimba kisima asiyepata maji ni kubadili mahali au kukata tamaa. Shergin naye yamkini angalifanya hivyo, lakini baharia Ferdinand Wrangel, aliyepita mjini humo akielekea Amerika ya Kirusi, alimhimiza aendelee kwa faida ya elimu. Kazi ilikoma mwaka 1837 katika kina cha meta 116. Maji hayakupatikana, wala mwisho wa udongo ulioganda haukuonekana.

Kisima hicho kilichokosa maji kilizaa swali ambalo halijaisha kujibiwa hata leo: ardhi iliyoganda ina kina gani, ilianza lini, nayo itadumu mpaka lini? Sehemu mbili za kwanza za swali hili ziliwashughulisha wataalamu wa karne ya 19. Sehemu ya tatu imekuwa shughuli kubwa ya karne hii, kwa sababu dunia inazidi kupata joto, na watu wanaoishi juu ya ardhi hiyo wanataka kujua kama nyumba zao zitasimama. Historia ya jibu lake ni historia ya vitu viwili vilivyokuwa vikitafutana: shimo na hesabu.

Kwanza yafaa jambo lenyewe lifahamike. Ardhi ya jalidi ni ardhi ambayo joto lake halipandi juu ya sifuri kwa miaka miwili mfululizo au zaidi. Tabaka lake la juu huyeyuka wakati wa kiangazi na kuganda tena wakati wa baridi. Chini ya tabaka hilo udongo, mchanga, mwamba na barafu hubaki vimeshikamana mwaka hata mwaka. Ardhi ya namna hii imetandaa chini ya theluthi mbili hivi za nchi ya Urusi, chini ya sehemu kubwa ya Alaska na ya kaskazini ya Kanada, na katika nyanda za juu za Tibet. Mahali pengine unene wake ni meta chache. Katika Siberia ya kaskazini hupita meta elfu moja.

Habari za ardhi hiyo zilipofika Ulaya katika karne ya 18, si wote waliozisadiki. Msafiri Johann Georg Gmelin alikuwa ameandika juu ya ardhi ya Yakutsk iliyokutwa imeganda chini sana, walakini Leopold von Buch, mmoja wa wajuzi mashuhuri wa elimu ya miamba, aliona kwamba msitu hauwezi kumea juu ya udongo ulioganda, kwa hiyo habari hizo haziwezi kuwa kweli. Hoja yake ilikuwa na sura ya akili, lakini ilitungwa mbali na shimo. Misonobari ya Siberia humea katika lile tabaka jembamba linaloyeyuka kila kiangazi, na mizizi yake hutambaa kando badala ya kushuka chini.

Aliyeichukua habari hiyo kwa uzito ni Karl Ernst von Baer wa Chuo cha Sayansi cha Saint Petersburg. Alikusanya kila neno lililopata kuandikwa juu ya barafu ya ardhini, akatunga kitabu, na katika anwani yake akaiita barafu hiyo isiyoharibika. Kitabu hicho kilikuwa tayari kuchapishwa mwaka 1843, kisha kikalala katika maktaba ya Ujerumani mpaka kilipochapishwa mwaka 2001. Hata hivyo mawazo yake yalifika Yakutsk, kwa kuwa ndiye aliyetunga maagizo ya safari ya Alexander von Middendorff. Mwaka 1844 Middendorff aliteremka katika shimo la Shergin, akatoboa vijitundu ubavuni mwake kwa vina mbalimbali, akatia vipima joto. Karibu na juu baridi ilikuwa kali. Kadiri alivyoshuka ilipungua, na chini kabisa alikuta digrii 3 hivi chini ya sifuri. Kwa kuwa alijua joto huongezeka kiasi gani kwa kila hatua ya kushuka, aliweza kukadiria mahali ambapo lingefika sifuri, yaani mwisho wa jalidi ambao hakuna mtu aliyeuona. Shimo lilikuwa limetoa vipimo, na vipimo vimezaa makadirio ya kisichoonekana.

Hesabu yenyewe ilikuwa imekwisha pata msingi. Mwaka 1822 Joseph Fourier wa Ufaransa alichapisha kitabu chake juu ya kanuni za mwendo wa joto ndani ya vitu. Baadaye, mwaka 1891, Josef Stefan wa Austria alichapisha hesabu ya jinsi barafu inavyozidi kunenepa juu ya bahari za kaskazini. Aliona kwamba barafu inapokuwa nene hujizuia yenyewe, maana joto la maji ya chini hupata shida kuipenya na kutoka. Kwa hiyo ili unene uwe mara mbili, jumla ya baridi sharti iwe mara nne. Kanuni hiyo hiyo, ikigeuzwa, hueleza jinsi udongo unavyoyeyuka wakati wa kiangazi, na wahandisi wa nchi za baridi wanaitumia mpaka leo.

Katika hesabu hiyo mna siri moja ambayo asiyeifahamu hudanganyika. Barafu iliyofika sifuri humeza joto jingi kabla ya kugeuka maji, na wakati wote inapomeza, kipima joto hakisogei. Mtu aweza kusoma sifuri mwaka huu na mwaka ujao, akatulia akidhani kwamba hapana kilichobadilika, kumbe barafu inapungua siku kwa siku. Ardhi iliyo na baridi ya digrii 8 hutangaza ongezeko la joto mapema. Ardhi iliyo karibu na sifuri hunyamaza mpaka siku ya kuporomoka.

Katika karne ya 20 elimu hii ilipata baba yake, Mikhail Sumgin. Mwaka 1927 alichapisha huko Vladivostok kitabu kikubwa cha kwanza juu ya jalidi katika nchi ya Kisovieti. Jina alilolitilia nguvu kwa Kirusi lilikuwa na maana ya jalidi ya milele. Wako waliolipinga tangu mwanzo, wakataka iitwe jalidi ya miaka mingi, na wataalamu wengi wa Urusi hatimaye walilifuata jina hilo la pili. Sumgin mwenyewe hakuamini umilele huo kwa maana kamili, kwani aliandika kwamba upande wa kusini ardhi iliyoganda ilikuwa ikirudi nyuma. Lakini neno lilikuwa limekwisha toka mdomoni. Likaingia katika magazeti, katika masomo ya watoto na katika vichwa vya watu wa mipango. Mtu aliyeambiwa kwamba msingi wa nyumba yake ni wa milele hatengi fedha za kuutengeneza. Wahenga walisema hakuna marefu yasiyo na ncha, ila ncha hiyo haitafutwi na mtu aliyeaminishwa kwamba haipo.

Wenyeji wa nchi hiyo, Wasakha, walikuwa na maneno yaliyokaa karibu zaidi na mambo yalivyo. Hufuga ng'ombe na farasi katika mabonde mapana yenye majani na ziwa katikati, ambayo kwa lugha yao huitwa alaas. Mabonde hayo yalifanyika maelfu ya miaka iliyopita, barafu iliyokuwa ardhini ilipoyeyuka na nchi kudidimia. Wataalamu walipotaka jina la umbo hilo waliliazima neno la Wasakha, na sasa limo katika vitabu vya lugha nyingi. Kadhalika Wasakha huchimba ghala katika ardhi iliyoganda, waiitayo buluus, wakaweka humo nyama, samaki na vipande vya barafu safi ya kunywa. Kwa hiyo watu hao waliishi kwa jalidi iliyoyeyuka zamani, iliyowapa malisho, na kwa jalidi ambayo bado imeganda, iliyowatunzia chakula. Mambo hayo mawili yalikuwa wazi katika maisha yao kabla hayajawa wazi katika vitabu.

Upande wa pili wa bahari, somo hilo lilifundishwa kwa hasara. Mwaka 1942, katika vita kuu ya pili, jeshi la Marekani lilijenga kwa haraka barabara ya kwenda Alaska kupitia Kanada. Mashine zilikwangua majani na mboji ili kupata njia imara. Jua likaipiga ardhi iliyovuliwa nguo, barafu ikayeyuka, na mahali pengi barabara ikawa tope. Ndipo Siemon Muller, mjuzi wa miamba aliyezaliwa Urusi na kukulia elimu Marekani, alipoagizwa kusoma maandiko ya Warusi na kuyafupisha kwa ajili ya wahandisi. Kitabu chake cha mwaka 1943 ndicho kilichowapa Waingereza na Wamarekani neno lao la jalidi, nalo pia limebeba ndani yake dai la kudumu.

Warusi kwa upande wao walijifunza kujenga kwa kuiheshimu baridi. Katika Yakutsk na Norilsk nyumba za ghorofa zilisimamishwa juu ya nguzo zilizozamishwa katika udongo ulioganda, na chini ya sakafu pakaachwa nafasi ili upepo wa baridi upite na kuilinda jalidi isipate joto la watu wa juu. Mwaka 1960 Yakutsk ilipata taasisi yake ya elimu ya jalidi, ambayo sasa ina jina la Pavel Melnikov. Huko Moscow, Vladimir Kudryavtsev na wenzake walitunga hesabu iliyounganisha joto la hewa, unene wa theluji, majani na aina ya udongo. Hesabu hizo zilikuwa na sifa kubwa, ila zilikuwa na sharti moja ambalo halikusemwa kwa sauti: kwamba hali ya hewa ya kesho itafanana na ya jana. Kila nguzo ilipewa mzigo kwa kadiri ya baridi ya siku ilipojengwa.

Sharti hilo lilikuwa na shaka tangu zamani. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden alikuwa amekadiria kwamba hewa ya ukaa ikiongezeka angani, dunia itapata joto. Kilichokosekana ni ushahidi wa ardhi yenyewe, nao ulipatikana tena shimoni. Watu waliochimba mafuta kaskazini mwa Alaska waliacha mashimo marefu, na Arthur Lachenbruch na Vaughn Marshall wakateremsha humo vipima joto. Joto la juu husafiri polepole sana kwenda chini, hata vina vya chini vikawa kama kumbukumbu ya miaka iliyopita. Mwaka 1986 walitangaza kwamba ardhi ya pwani ile ilikuwa imepata ongezeko la digrii 2 hadi 4 katika muda wa kutoka miongo michache hadi karne moja. Pengine hapakuwa na kituo cha hali ya hewa karibu. Ardhi ilijiandikia shajara yake.

Tangu hapo swali likahamia katika kompyuta. Wataalamu waligawanya uso wa dunia katika miraba, wakaipa kila miraba hewa, theluji, majani na matabaka ya udongo, kisha wakaziacha kanuni za Fourier zifanye kazi saa kwa saa mpaka mwaka 2100. Mwaka 2005 David Lawrence na Andrew Slater wa Marekani walichapisha jibu lililoshtua: ikiwa gesi zitaendelea kuongezeka sana, eneo lenye jalidi karibu na uso wa ardhi laweza kupungua kutoka kilometa za mraba milioni 10.5 hadi milioni 1 kabla ya karne kwisha.

Waliowajibu walikuwa watu wa mashimo. Christopher Burn na Frederick Nelson walieleza mwaka 2006 kwamba udongo wa hesabu ile ulikuwa na kina cha meta 3.43 tu, na kwamba haukuwa na mboji inayokinga joto la kiangazi. Ardhi ya kweli ina akiba ya baridi ya mamia ya meta chini yake, na baridi hiyo huchelewesha kuyeyuka. Lawrence na wenzake hawakuipuuza lawama. Walizidisha kina cha udongo wao hadi meta zaidi ya 100, wakautandikia mboji, na mwaka 2008 wakaonyesha kwamba jalidi ya juu ingepotea polepole zaidi, ingawa upungufu ulibaki mkubwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na hesabu iliyotaka kujua ya chini ililazimika kuinama mpaka kina cha shimo la Shergin.

Yako mambo mengine yaliyo magumu kwa hesabu hizo. Theluji ni mfano mzuri. Msomaji asiyeizoea aweza kudhani kwamba theluji nyingi huzidisha baridi ya ardhi, lakini ni kinyume: theluji ni blanketi, nayo ikiwa nene mapema katika majira ya baridi huizuia ardhi isipoe. Hivyo ardhi yaweza kupata joto kwa sababu ya kiangazi kikali au kwa sababu ya theluji nyingi, na hesabu sharti ikisie yote mawili. Tena, hesabu za miraba mikubwa huyeyusha ardhi taratibu kutoka juu kwenda chini, hali ambapo ardhi yenye barafu nyingi huporomoka ghafula. Karibu na Batagay katika nchi ya Wasakha, msitu ulikatwa katika karne ya 20, ardhi ikaachwa wazi, na sasa pana shimo kubwa la urefu wa kilometa moja hivi ambalo kuta zake hubomoka kila kiangazi. Utafiti wa mwaka 2020 ulikadiria kwamba maporomoko ya namna hii yatagusa chini ya moja ya tano ya eneo la jalidi, na hata hivyo yaweza kuathiri nusu ya kaboni iliyomo.

Hapo ndipo jambo la Yakutsk linapokuwa jambo la watu wote. Katika ardhi ya jalidi zimo tani bilioni 1,460 hadi 1,600 za kaboni iliyotokana na mimea na wanyama wa kale, karibu mara mbili ya kaboni iliyomo hewani. Ardhi ikiyeyuka vijidudu huila mabaki hayo na kutoa hewa ya ukaa na methani, nazo huongeza joto lililoyeyusha ardhi. Jopo la kimataifa la mabadiliko ya tabia ya nchi lilieleza mwaka 2019 kwamba ifikapo mwaka 2100 eneo la jalidi iliyo karibu na juu litapungua kwa asilimia 24 hivi ikiwa gesi zitapunguzwa sana, na kwa asilimia 69 hivi zikiachwa ziongezeke sana. Nafasi ya kukosea katika makadirio hayo ni asilimia 16 juu au chini kwa la kwanza, na 20 kwa la pili. Nafasi hiyo ni pana, lakini tofauti kati ya njia mbili ni pana zaidi, na tofauti hiyo haimo mikononi mwa udongo.

Upana huo wa makadirio umewapa wengine kisingizio cha namna mbili. Wako wasemao kwamba hakuna linalojulikana, basi wangoje. Na wako wanaoitupia ardhi kila lawama. Tarehe 29 Mei 2020, karibu na Norilsk, tangi la mafuta lilipasuka na tani 21,000 hivi za dizeli zikamwagika, sehemu kubwa ikaingia mitoni. Wenye tangi walitaja kuyeyuka kwa jalidi. Wakaguzi wa serikali baadaye walitaja kasoro za nguzo za msingi na uangalizi mbovu. Kauli hizo mbili zinakutana mahali pamoja. Ardhi inayobadilika humtaka mjenzi apime mara nyingi kuliko zamani, na asiyepima hawezi kuifanya hali ya hewa iwe shahidi wake.

Kupima kwenyewe kulifikia ustawi mkubwa mwanzoni mwa karne hii. Mashimo ya Urusi, Kanada, Alaska, Scandinavia, Alps na hata Antaktika yaliunganishwa katika daftari moja, na mwaka 2019 ikatangazwa kwamba joto la jalidi duniani lilikuwa limepanda kwa digrii 0.29 kati ya mwaka 2007 na 2016. Kisha Februari 2022 majeshi ya Urusi yaliivamia Ukraine, na ushirikiano wa wataalamu wa pande mbili ukakatika kwa sehemu kubwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kwamba picha ya nchi za kaskazini bila vituo vya Urusi ni picha iliyopinda. Nchi yenye jalidi nyingi kuliko nyingine zote imekuwa doa jeupe katika ramani za wengine, na wataalamu wa Urusi nao wamekosa mengi ya upande wa pili.

Urusi kwa upande wake ilipitisha sheria mwaka 2023 ya kuweka uangalizi wa serikali juu ya ardhi ya jalidi, na mashimo mapya yenye vipima joto yakaanza kutobolewa. Ni kazi njema, nayo itakuwa na faida kamili siku vipimo vyake vitakapowafikia wote wanaohesabu. Kwa maana watu wa Churapcha, kijiji cha Wasakha upande wa mashariki wa Yakutsk, hawana haja ya kuambiwa kwamba asilimia fulani ya jalidi ya dunia itapotea. Uwanja wao wa zamani wa ndege umekwisha geuka matuta na madimbwi, na baadhi ya nyumba zimeinama. Wanachotaka kujua ni kama chini ya nyumba hii mna barafu nyingi au chache, na kama mjukuu ajengewe papo hapo au kwingine. Jibu la swali hilo halitoki katika kompyuta peke yake. Linataka mtu atoboe ardhi ya uani, ateremshe kipima joto, ayaandike aliyoyasoma, na kisha ayapeleke kwa wenye kuhesabu, wawe wa taifa lake au la.